Majibu mafupi kwa wanafunzi wa Tarime na Serengeti

Katika vipindi vya dini wanafunzi wametuuliza maswali haya. Tunayajibu kwa uwazi, maana Desemba haiko mbali.

Kwa nini Wakurya wako Tanzania na Kenya? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari wa ramani kutoka Ziwa Nyanza kuelekea Kilimanjaro. Wazee wetu hawakuulizwa.

Je, ukeketaji ni agizo la Mungu? Hapana. Tohara ya Maandiko ni ya wanaume, na hata hiyo Mitume, walipokutana Yerusalemu (Mdo 15), hawakuwatwika watu wa mataifa.

Sheria inasemaje? Tangu 1998 sheria ya Tanzania humwadhibu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo, kwa maoni yetu, haifikii hata ng'ombe mmoja mzuri wa mahari. Sheria ya Kenya ya 2011 inakataza kwa umri wowote, na kumvusha mtu mpaka ili akakeketwe ni kosa.

Nikikimbia, nimewakosea wazazi? Amri ya nne yadai heshima. Lakini Katekisimu (2217) inafundisha kwamba mtoto asitii agizo ambalo dhamiri yake inasadiki kuwa ni ovu. Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti, zipo nyumba zinazowapokea wasichana. Mwambieni mwalimu, katekista au dawati la jinsia la polisi mapema, kabla siku haijapangwa.