Saa Kumi, Penye Lango la Skuli

Katika kijiji kimoja cha Yorkshire, nchini Uingereza, alikuwapo mbwa aliyeijua saa pasipo kuitazama, kwani kila ilipotimu saa kumi alasiri alikuwa amekwisha wasili penye lango la skuli kumngojea Joe Carraclough, hata wanakijiji wakawa wakirekebisha saa zao kwa mapito yake. Juu ya jambo hilo dogo Eric Knight, mzaliwa wa Yorkshire aliyehamia Marekani, aliijenga riwaya yake ya mwaka 1940, Lassie Come-Home, nayo kampuni ya MGM ikaigeuza sinema mwaka 1943, Roddy McDowall akiwa ndiye Joe. Mwandishi hakujaaliwa kuiona ikifunguliwa. Alifariki katika ajali ya ndege Januari ya mwaka huohuo, akilitumikia jeshi la Marekani.

Wengi huisifu sinema hii kwa masafa aliyoyakata Lassie kutoka Uskochi hadi kwao, na wana haki, maana Pal, mbwa dume aliyepewa jina hilo la kike, huchechemea kwa namna inayomtia mtazamaji simanzi. Lakini mimi moyo wangu u kwa baba wa Joe, Sam, fakiri aliyekosa kazi, ambaye dhiki ilimlazimisha kumwuza Lassie kwa tajiri mwenye cheo, Duke wa Rudling, na ambaye, mbwa alipotoroka akarudi, alimrejesha yeye mwenyewe, kwa kuwa thamani ameipokea na imetumika, na muungwana hali fedha akabaki na mali. Ni ibra nzito kumpa mtoto, nayo hapewi kwa hotuba. Huiona katika uso wa babaye.

Sisi wa pwani, tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii, mbwa hatumwingizi nyumbani. Hata hivyo tulisomeshwa chuoni kisa cha mtu aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akaghufiriwa dhambi zake, kwa hiyo rehema iliyomo katika sinema hii si ngeni kwetu.

Mwishowe Duke afika, amtazama Lassie aliyekonda, azikagua nyayo zake zilizochubuka, kisha atamka kwamba huyu si mbwa wake, hali ajua vyema kuwa ndiye, na ampa Sam kazi ya kuwatunza mbwa wake wote. Enyi wazazi, watazameni watoto wenu wanapolisikia neno hilo la Duke, na wakiwauliza kwa nini amekana mali yake, msiwajibu upesi.