Umeamka jicho limegandana? Soma hii kabla hujatia dawa

Umeamka, unanyoosha mkono uangalie saa kwa simu, na jicho moja limekataa kufunguka. Kope zimeshikana kama zimepakwa gundi. Ukifika kwa kioo, jicho ni jekundu kama nyanya. Pole sana. Lakini kabla hujashika dawa yoyote iliyo karibu, nisikize kwanza, maana mimi sikumsikiza mtu na nusura jicho liende.

Tulikuwa watatu kwenye keja moja. Jicho liliponianza, mwenzangu akanipa chupa ya matone aliyobakisha alipougua yeye. Siku ya kwanza wekundu ukapungua, nikajiona daktari. Siku ya nne mwanga wa dirishani ulinichoma kama sindano, na maandishi ya simu yakawa ukungu mtupu. Daktari wa macho alisoma ile chupa akatikisa kichwa. Ilikuwa na steroidi. Virusi vilikuwa vimeanza kuchimba kidonda kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na dawa yangu ilikuwa inavifungulia mlango. Kupona kulichukua wiki kadhaa.

Hapo ndipo penye mtego. Steroidi hutoa wekundu haraka, kwa hivyo unadhani umepona kumbe ndani mambo yanaharibika. Ukiitumia kwa muda mrefu bila kupimwa, inaweza pia kupandisha presha ya jicho na kukuharibia macho kabisa.

Jua ni gani imekushika

Macho mekundu si ugonjwa mmoja. Kinachovimba ni utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho na upande wa ndani wa kope, na wanaouchokoza ni watatu.

Wa kwanza ni virusi, na ndivyo vinavyosambaa sana. Jicho linatoa machozi mepesi, linawasha kama lina mchanga, kisha baada ya siku moja au mbili la pili linafuata. Mara nyingi huja pamoja na mafua au koo kuuma. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipotembea Dar es Salaam na Mombasa. Na si mgeni: Afrika Magharibi wengi huuita Apollo, kwa sababu ulilipuka Ghana 1969, mwaka ule ule Apollo 11 ilipotua mwezini.

Wa pili ni bakteria. Hapa unaona usaha mzito wa manjano au kijani, na matongo yanayorudi muda mfupi baada ya kupanguza.

Wa tatu ni mzio. Macho yote mawili yanawasha vibaya, unapiga chafya, na kila vumbi likipanda mambo yanaanza upya. Huu haumwambukizi mtu.

Sasa ufanye nini?

Kama ni virusi, antibiotiki haitasaidia kitu. Mwili wenyewe huvimaliza, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili. Chemsha maji, yaache yapoe, lowesha kitambaa safi uweke juu ya jicho lililofungwa. Panguza kuanzia upande wa pua kwenda nje, na kila jicho liwe na kitambaa chake. Bakteria wakati mwingine huhitaji antibiotiki ya matone au ya kupaka, lakini mwache aliyekupima akuandikie. Mzio una dawa zake.

Maziwa ya mama, mkojo, chai ya rangi, ndimu, mate: tafadhali, hapana. Unaongeza uchafu kwenye jicho ambalo tayari linapigana. Na kama unavaa lenzi za macho, zitoe leo leo.

Usingoje kesho ukiona haya: maumivu makali, kuona ukungu usioisha hata ukipepesa, mwanga kukuumiza, doa jeupe kwenye mboni, au wiki imepita bila nafuu. Anayevaa lenzi apimwe mapema. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye macho yanayotoa usaha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana anaweza kupofuka.

Usiisambaze

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kutazamana, wacha hizo stori za miwani nyeusi. Unapita kwa mikono. Umeshika jicho, ukashika chuma cha matatu, mwenzako akakishika kisha akajifikicha. Nawa kwa sabuni na maji kila mara. Taulo, foronya, wanja, maskara na kope bandia ni vyako peke yako, na vipodozi ulivyotumia ukiwa mgonjwa vitupe, hata kama viliuma mfukoni. Panguza simu yako. Chupa ya matone pia haiazimwi, kwa sababu ncha yake ikigusa jicho hubeba vijidudu.

Najua la kukaa nyumbani ni gumu. Wengi wetu ni vibarua, usipofika hulipwi. Lakini mwambie bosi mapema, omba kazi ya kufanyia nyumbani kama ipo, ama ubadilishane zamu. Siku mbili tatu zako nyumbani ni nafuu kuliko ofisi nzima kulala.

Na ile chupa kuukuu iliyo kwenye droo yako? Itupe leo, kabla rafiki hajaamka na jicho jekundu akakuomba.