Kuchagua Kofia na Kingo za Paa Katika Maeneo ya Joto Kali
Katika maeneo kame kama Lodwar na Garissa, kofia na kingo za mabati hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Joto la bati likipanda kwa nyuzijoto 50 za Selsiasi, kipande cha chuma cha mita 3 hurefuka takriban milimita 2. Cha alumini, karibu mara mbili ya hapo. Kikizuiwa kusogea, hujikunja, matundu ya misumari hupanuka, na mvua inyeshapo paa huvuja.

Mnunuzi achague rangi isiyokoza, kwani hunyonya joto kidogo; akumbuke kuwa bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30; na apendelee skrubu zenye mpira badala ya misumari. Fundi aache vipande vipandane pasipo kuvikaza pamoja. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe geji imeandikwa kwenye risiti.