Vyombo Vipya na Kazi ya Mwuguzi

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo kipya kikifika zahanati, kazi ya mwuguzi imepungua. Sivyo, na wasomaji wetu wa Mkoa wa Songwe wanaweza kujionea wenyewe.

Tutazame chombo cha kupimia shinikizo la damu, ambacho mama mjamzito hufungwa mkononi aendapo kliniki, kama ni Tunduma, Vwawa au Ileje. Mfuko wake hujazwa upepo hata damu ikome kupita mshipani, kisha upepo hulegezwa polepole, na namba mbili hupatikana. Mimba ikiwa imepita majuma 20, na namba ya juu ikafika 140, au ya chini 90, ni onyo kwamba huenda kifafa cha mimba kinakuja. Lakini mama mwenyewe huenda hasikii maumivu yoyote! Basi akiambiwa tu, “Damu imepanda, nenda hospitali,” hurudi zake kupalilia mahindi. Yampasa mwuguzi amweleze dalili za hatari, yaani kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kisha amwombe azirudie kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni kwa Kinyiha au Kinyamwanga. Akishindwa kuzirudia, hajafundishwa bado.

Simu ya mkononi nayo ni vivyo hivyo. Novemba 2012 Wizara ya Afya ilianzisha mafundisho yaitwayo Wazazi Nipendeni. Mama alipeleka neno “mtoto” kwa namba 15001, naye akaletewa bila malipo habari za kliniki, za malaria, na za kujiandaa kujifungua. Lilikuwa jambo jema sana. Walakini katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo ni ya baba, ambaye yuko sokoni hata jioni; maneno ya mama hulala katika mfuko wa koti lake. Tena wako akina mama wasiojua kusoma. Hapo ndipo mume hupaswa kusoma kwa sauti, au mwalimu aliye jirani kusaidia, wala si aibu.

Mwaka 2022 Serikali ilizindua kwa nchi nzima mpango wa m-mama. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akiwa hatarini, hupigwa namba 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa; lisipopatikana, huitwa dereva wa karibu aliyekwisha kukubaliwa, naye hulipwa kwa njia ya simu. Lakini dalili hizo zitatajwa na nani, ikiwa nyumbani hakuna aliyefundishwa?

Wenyeviti wa vijiji, hasa wa milima ya Ileje na mabonde ya Momba, yafaa waiandike namba hiyo ukutani shuleni na dukani. Na mahali ambapo simu hushika mtandao pajulikane mapema, mchana, wala pasitafutwe usiku ule mama anapotokwa damu.