Vidonge vya Majira: Uzazi Hurudi Lini?

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, mwanamke asiyezaa hubeba lawama nzito, hata pale ambapo kasoro iko kwa mumewe. Si ajabu basi kwamba uvumi juu ya vidonge vya majira hupata wasikilizaji wengi. Husemwa kwamba anayevimeza kwa miaka mingi hukausha kizazi, au kwamba vidonge hurundikana tumboni.

Uvumi huu huzaa makosa mawili yanayopingana. Wapo wanaovikataa vidonge kwa hofu ya utasa. Wapo pia wanaoviacha kwa miezi michache ili mwili upumzike, wakidhani kwamba kinga ingali imo mwilini. Hao hushtukia wameshika mimba wasiyoitarajia. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini wote wawili wamekosea.

KAZI YA KIDONGE

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo ukubwa wake ni kama wa punje ya njegere. Kila mwezi tezi hiyo hupeleka homoni kwa njia ya damu hadi kwenye ovari, na kuziamuru zikuze yai. Yai likipevuka huachiliwa, likaingia katika mrija wa uzazi, ambamo huweza kukutana na mbegu ya kiume.

Vidonge vinavyotumiwa zaidi vina homoni mbili zilizotengenezwa maabara, zinazofanya kazi kama estrojeni na projesteroni za mwili. Homoni hizo zikiwamo katika damu, pituitari hupunguza amri zake na yai halipevuki. Aidha, ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, hata mbegu za kiume zikashindwa kupita kwa urahisi.

KIDONGE KIKIACHWA

Kidonge hakirundikani. Huyeyuka tumboni, homoni zake huingia katika damu, ini huzivunjavunja, na mabaki hutoka kwa mkojo na kinyesi katika siku chache. Hebu msomaji afikiri: kama dawa hii ingekaa mwilini kwa miaka, kungekuwa na haja gani ya kuimeza kila siku?

Tuchukue mfano wa visima vya Makutupora vinavyoupatia mji wa Dodoma maji. Pampu ikizimwa, bomba mjini hukauka, lakini maji yaliyo chini ya ardhi hayajapotea. Kidonge huzima pampu, hakikaushi kisima.

Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Maji ya ardhini hujazwa na mvua, bali mayai ya mwanamke hayaongezwi. Msichana huzaliwa na mayai machanga yapatayo milioni 1 hadi 2. Afikapo balehe hubaki 300,000 au 400,000 hivi, na yatakayopevuka katika maisha yake yote ni kama 400 tu. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, ameze vidonge asimeze. Basi mwanamke aliyeanza vidonge akiwa na miaka 25, akaviacha akiwa na miaka 38, huenda akachelewa kupata mimba. Lakini kilichomchelewesha ni umri.

Baada ya kidonge kuachwa, pituitari huanza tena kutoa amri. Kwa wengi yai hupevuka katika wiki chache, kwa wengine baada ya miezi miwili au mitatu. Wanafunzi wa biolojia wakumbuke kwamba yai hutangulia na hedhi hufuata, yapata siku 14 baadaye. Kwa hiyo mwanamke aweza kushika mimba hata kabla ya kuiona hedhi ya kwanza.

USHAHIDI WA TAKWIMU

Mwaka 2018 watafiti wawili wa Ethiopia, Tadele Girum na Abebaw Wasie, walichapisha uchambuzi wa tafiti 22 zilizohusu wanawake zaidi ya 14,000 walioacha njia mbalimbali za kuzuia mimba. Katika kila wanawake 100, kama 83 walipata mimba ndani ya miezi 12. Muda ambao mwanamke alikuwa ametumia njia hizo haukuonekana kumpunguzia uwezo wa kuzaa.

Tofauti ipo kwa sindano ya miezi mitatu. Dawa yake hukaa katika msuli na kutoka polepole, na kwa wastani mimba hupatikana yapata miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Huko nako ni kuchelewa, si utasa. Yawezekana kidonge kimebeba lawama ya sindano.

FUNDISHO LA DODOMA

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa "Twende na Wakati", uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kwa makusudi ya utafiti, kituo cha Dodoma hakikuutangaza hadi mwaka 1995, ili eneo lake lilinganishwe na mengine. Katika muda huo matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kule mchezo uliposikika, na Dodoma yakabaki palepale. Ulipoanza kusikika Dodoma, yakapanda huko pia. Elimu iliyo wazi ilibadili matendo ya watu.

LA KUFANYA

Anayetaka mtoto aache vidonge atakapokuwa tayari, na aanze mapema kumeza vidonge vya asidi ya foliki. Asiyetaka mimba asivipumzishe. Akitaka kubadili njia, aanze nyingine mara moja. Mwezi mmoja au miwili bila mimba si ugonjwa. Ikipita miezi 12, au 6 kwa aliyetimiza miaka 35, mume na mke waende hospitali pamoja, kwani katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume ana sehemu yake. Tusisahau kisonono na klamidia, ambazo huweza kuziba mirija ya uzazi kimyakimya. Kidonge hakizuii maradhi hayo, na mara nyingine hushtakiwa kwa madhara yaliyoletwa nayo.

Mwalimu atakayeyaeleza haya darasani atakuwa amemwondolea mwanamke mmoja hofu isiyo na msingi, na mwingine mimba ambayo hakuikusudia.