Kusomea Udaktari Ukubwani: Anza na Cheti Chako cha Kidato cha Nne



Tunaulizwa mara kwa mara na ndugu zetu wa Unguja na Pemba: je, mtu aliyekwisha kupita miaka thelathini, mwenye kazi na watoto, bado anaweza kuwa daktari? Wanaouliza ni wauguzi, matabibu wa vituo vya afya, walimu wa skuli, na hata waliomaliza kidato cha nne wakaenda kutafuta maisha sokoni. Wengi wamesikia habari za Moshi na hospitali yake ya KCMC. Wanataka kujua mtihani wa kuingilia huko ukoje, na vitabu gani wanunue.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: umri haukufungii mlango wa kusoma. Kinachowafungia wengi ni alama moja tu katika cheti cha kidato cha nne, ambayo hawakuitazama tangu siku walipokichukua. Kwa hivyo kabla ya kununua kitabu chochote, kitoe cheti hicho kabatini ukisome pamoja na maelezo haya.

Elimu haina ukubwa

Wapo wanaoona haya kukaa darasa moja na vijana wa miaka ishirini. Sisi watu wa madhehebu ya Imaam ash-Shaafi'iy tunaye wa kumkumbuka katika hili. Al-Qaffaal al-Marwaziy alikuwa fundi wa kutengeneza makufuli. Alianza kutafuta elimu akiwa na miaka kama thelathini, kisha akawa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa madhehebu hayo.

Ama udaktari wenyewe, wanavyuoni wameuhesabu katika fardhi kifaya: wakitosha wa kuufanya, dhambi huwaondokea wengine, wakikosekana, jamii nzima ina la kujibu. Imaam al-Ghazaaliy, katika Ihyaa', ametaja utabibu na hesabu pamoja katika fardhi hizo. Akalalamika pia kwamba watu wa mji hukimbilia kwa wingi elimu ya mabishano ya fiqhi, na huku mji hauna tabibu Mwislamu. Basi anayerudi kusoma hisabati ili atibu watu asidhani kuwa amejishughulisha na jambo dogo.

Hakuna mtihani mmoja wa kuingilia udaktari

India, ambako baadhi ya vijana wetu huenda kusoma, wana mtihani wa taifa uitwao NEET kwa wanaotaka kusomea udaktari. Tanzania hatuna mtihani wa namna hiyo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka mwongozo wenye sifa za chini za kila kozi. Mwombaji hupeleka maombi chuoni moja kwa moja, na chuo huchagua kwa ushindani. Kufikia sifa za chini ni kupata ruhusa ya kuomba tu, si ahadi ya kupata nafasi.

Kwa hivyo mtihani wa kuingilia kwa mtu mzima ni ule ule wa Baraza la Mitihani (NECTA) alioufanya zamani, au atakaoufanya sasa akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Milango ni miwili.

Mlango wa kwanza ni kidato cha sita, kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Sifa ya chini ya Shahada ya Udaktari ni jumla ya pointi 6 katika masomo hayo matatu, na alama D inahesabiwa pointi 2. D ya kidato cha sita huanzia maksi 50. Mtu mzima anaweza kujisajili mwenyewe ikiwa ana masomo matatu yenye alama C au zaidi katika cheti cha kidato cha nne. Ugumu wa mlango huu uko maabara. Kila moja ya masomo haya lina karatasi ya tatu ya vitendo, na mtu hawezi kujifunza upimaji wa kemikali kwa kusoma daftari la rafiki. Anayepita hapa atafute kwanza skuli au kituo chenye maabara kitakachompokea, kisha ndiyo ajisajili.

Mlango wa pili ni Stashahada ya Utabibu, ya miaka mitatu. Mwenye stashahada hiyo anaweza kuomba Shahada ya Udaktari akiwa na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Kwa wengi waliokwisha kuwa watu wazima, huu ndio mlango ulio karibu zaidi, kwa sababu mtu anamaliza akiwa na kazi mkononi hata kama udaktari haukumwandikia.

Mtego uliomo katika mlango wa pili

Hapa tunaomba msomaji atulie.

Ili kuingia Stashahada ya Utabibu, mtu anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne, hata ukiwa na A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hisabati na Kiingereza vinatajwa kuwa ni nyongeza ya kumsaidia mwombaji tu. Kwa hivyo mwenye F ya Hisabati anapokelewa, anasoma miaka mitatu, anafaulu, na anaajiriwa.

Siku anapoomba udaktari ndipo anapokutana na sharti jingine: pamoja na GPA yake, lazima awe na angalau D katika masomo matano ya kidato cha nne, nayo ni Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F ya miaka kumi na tano nyuma inamsimamisha mlangoni, hata GPA yake iwe nzuri namna gani.

Dawa yake ipo, nayo si ngumu kama inavyodhaniwa. Aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne anaruhusiwa kurudia somo analolitaka, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani hufanyika Novemba, na usajili hufungwa miezi mingi kabla, basi ulizia mapema. D ya kidato cha nne huanzia maksi 30 katika 100. Karatasi ya Hisabati ina maswali 14: kumi ya mwanzo yana maksi 6 kila moja, na manne ya mwisho maksi 10 kila moja. Anayetafuta D hahitaji kuijua Hisabati yote. Achague mada chache, kama takwimu, seti, hesabu za biashara na matriksi, azifanyie mazoezi mpaka ziwe nyepesi kwake, na alenge maksi 45 ili akiteleza abaki juu ya 30. Anayesoma stashahada sasa arudie somo hilo akiwa bado chuoni, asingoje mpaka amalize.

Kwa nini Moshi inatajwa sana

Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro, na chuo chake cha udaktari kilianza 1997. Leo kinajulikana kama Chuo Kikuu cha KCMC. Kwa miaka mingi mahali hapa pamesomesha watu wazima. Matabibu waliokwisha kufanya kazi wilayani walikuwa wakirudi darasani kwa miaka miwili kuwa madaktari wasaidizi, wengine wakibobea macho, wengine maradhi ya ngozi, na wanafunzi walitoka nchi nyingi za Afrika. Mafunzo ya kada hiyo yamesitishwa. Ngazi ile ya katikati haipo tena, na tabibu anayetaka kupanda leo hana budi kuiendea Shahada ya Udaktari yenyewe. Hii ndiyo sababu suala la cheti cha kidato cha nne limekuwa zito kuliko zamani.

Huko huko mteremkoni, Machame, kando ya hospitali ya Kilutheri kipo chuo cha afya kinachosomesha matabibu. Kwa hivyo mtu anaweza kuanza stashahada juu ya mlima na kuteremka mjini kwa shahada, akifaulu.

Wazazi wengi hutuuliza: je, inajuzu kusoma katika vyuo hivi, navyo ni vya makanisa? Elimu ya tiba si ibada yao, na kuichukua kwa asiyekuwa Mwislamu hakuna ubaya. Katika Siyrah imepokewa kwamba baadhi ya mateka wa Badr waliokosa fidia walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Answaar kuandika. Sharti ni mtu kuhifadhi dini yake: Swalah kwa wakati wake, na kutoshiriki ibada isiyokuwa yake. Moshi mjini mna misikiti na Waislamu wengi, na katika vijiji vya mlimani wapo Wachagga Waislamu. Mwanafunzi atafute msikiti na jamaa wa kuswali nao wiki ya kwanza, na azungumze mapema na walimu kuhusu Ijumaa, kabla ratiba ya wodini haijapangwa. Aende pia na nguo za baridi, maana Juni na Julai huko mlimani si kama kwetu.

Na si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina Shahada ya Udaktari, na utabibu unasomeshwa Mbweni. Mwenye watoto wadogo aanze kutazama nyumbani, kisha Bara.

Hesabu ya miaka na ya fedha

Kaeni kama familia mpige hesabu hii kwa kalamu. Anayeanza stashahada akiwa na miaka 30 atamaliza na 33. Udaktari ni miaka mitano, atafika 38. Mwaka mmoja wa utarajali, 39. Matangazo ya ajira serikalini Tanzania Bara kwa kawaida hutaka waombaji wasiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari katika utumishi, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kwa hivyo huyu ana miaka ishirini ya kutibu watu. Anayeanza na 38 atamaliza na 47; naye ahesabu mapema kwamba huenda ajira yake ikawa hospitali binafsi.

Upande wa fedha, miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) imetaka mwombaji asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Aliyeanza stashahada na miaka 30 bado yumo. Aliyeanza na 33 atamaliza na 36, na itambidi atafute njia nyingine. Zanzibar nayo ina bodi yake ya mikopo. Ulizieni masharti yake ya mwaka husika.

Wengi huogopa mikopo hiyo kwa ajili ya ribaa, na wana haki ya kuogopa. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuondoa tozo ya asilimia 6 ya kila mwaka iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni la HESLB. Hata hivyo msisaini kwa kusikia. Someni mkataba kifungu kwa kifungu, na penye shaka mpelekeeni mwenye elimu ya mas-alah haya aukague.

Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuomba chuo, maana kuondoka kazini bila ruhusa kunaweza kumgharimu ajira yake. Na mume anayekwenda kusoma ajue kuwa nafaqah ya mke na watoto haimwondokei kwa kuwa mwanafunzi. Mke naye na mumewe washauriane na waridhiane tangu mwanzo: nani atakaa na watoto, na mwanafunzi atarudi nyumbani kila baada ya muda gani. Hata katika kumwachisha mtoto ziwa Qur-aan imetaja wazazi kuridhiana na kushauriana. Sembuse safari ya miaka mitano.

Namna ya kujitayarisha

Mtu mzima hana saa nyingi, basi kidogo cha kila siku kinamfaa kuliko kingi cha Jumapili. Saa moja na nusu baada ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, ni hazina. Tumia mitihani iliyopita ya NECTA, kisha soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza huziweka bure katika tovuti yake. Zinaonesha swali kwa swali wapi watahiniwa walikosea na jibu zuri lilikuwaje. Kiingereza kisome ndani ya Biolojia na Kemia yenyewe: andika kila siku aya moja ya kueleza jambo, mpe anayejua akusahihishe. Mwenye stashahada asisahau kuomba NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo yake, kwani vyuo vikuu huidai. Na masharti yote tuliyoyataja yasomwe tena katika mwongozo wa mwaka unaoomba, kwa kuwa hubadilishwa.

Mwisho, tunawausia wazazi na wake na waume: mtu wa nyumbani kwenu akitoa cheti chake cha zamani na kuanza kukokotoa hesabu usiku, msimcheke. Mpunguzieni kazi moja ya nyumba na mumuombee du'aa. Naye aswali Istikhaarah, apige hesabu yake kwa ukweli, kisha amtegemee Allaah.

Wa-Allaahu A'lam.