Godoro Kwanza, Fedha Baadaye

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba, sura ya bandari ya Malindi hubadilika kwa wiki chache. Miongoni mwa abiria wa boti ziendazo Dar es Salaam huonekana vijana wengi ambao mtu huwatambua kwa mizigo yao tu: begi jipya, ndoo iliyotiwa sahani na kikombe, mkoba wa vyeti usioachwa mkono hata dakika moja, na kifurushi alichokifunga mama mwenyewe, ndani yake mna ng'onda, achari ya embe na visheti. Wale watokao Pemba wamekwisha kuvuka bahari mara moja kabla ya hapo, kutoka Mkoani, na baadhi yao wamelala usiku mmoja kwa jamaa Mjini wakisubiri boti ya pili. Wote hao wanakwenda kuanza masomo ya Chuo Kikuu.

Safari hiyo ni fahari kwa Visiwa vyetu, na hapana mzazi asiyeifurahia. Lakini leo hatukusudii kuzungumza habari za shahada. Tunakusudia kuzungumza habari za mahali atakapolaza ubavu kijana huyo usiku wa kwanza, na za chakula atakachokula mpaka mwezi uishe. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo yasiyostahili kupewa nafasi katika safu kama hii. Sisi tunaona vingine, kwani mwanafunzi mwenye njaa husoma ukurasa mmoja mara tatu na asiuelewe.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa darasa dogo la sheria katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Katika miaka hiyo mwanafunzi alipokelewa na Serikali kama mgeni wake: chumba kipo, kitanda kipo, chakula kinapikwa, na akiba ndogo ya mfukoni hutolewa. Aidha, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wengi walioingia Chuo Kikuu walitakiwa wawe wamefanya kazi kwanza. Ingawa sharti hilo lililegezwa baadaye, matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa zama zile aghalabu alikuwa mtu mzima aliyepata kupokea mshahara na kulipa deni la dukani. Mwanafunzi wa leo ana umri wa miaka 19 au 20. Hata kama alilala dahalia ya skuli, huko alipigiwa kengele ya kula. Hajapata kupanga chumba, wala hajapata kukaa na fedha za miezi miwili mkononi.

Sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ilianza kutekelezwa katika mwaka wa masomo 1992/93, na hatua kwa hatua mzigo wa chakula na malazi ukahama kutoka mabegani mwa Serikali ukaja kwa mwanafunzi na wazee wake. Ili wasio na uwezo wasiachwe nyuma, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwaka 2011 Zanzibar ikaunda Bodi yake yenyewe. Hapana shaka kwamba Bodi hizi zimewafikisha Chuo Kikuu watoto wengi wa wavuvi na wakulima wa karafuu ambao vinginevyo wasingalifika. Tena ieleweke kwamba fedha hizo si sadaka. Kwa Bodi ya Muungano, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Mtu anayekopa na kulipa ana haki ya kuuliza kwa nini mkopo wake humfikia umechelewa.

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi hana budi kwanza afike chuoni, ajisajili, jina lake lihakikiwe, atie saini, ndipo fedha za kujikimu ziingizwe katika akaunti yake. Kwa mweka hesabu utaratibu huu hauna kasoro, maana hataki kumlipa mtu asiyekuwapo. Kwa mwanafunzi maana yake ni moja: fedha za kuhamia huja baada ya kuhama. Nauli ya boti, godoro, kodi ya chumba na chakula cha wiki za mwanzo, vyote hivyo vinahitajika kabla ya siku ile ya kutia saini. Wiki moja ikichelewa, huenda akavumilia. Zikichelewa nne, maisha yake ya mwaka mzima hupinda.

Tupige hesabu, maana maneno matupu hayamshawishi mtu wa Hazina. Kiwango cha kujikimu cha Bodi ya Muungano kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Tuchukue kijana aliyekosa nafasi katika mabweni, akapanga na mwenzake chumba kimoja cha shilingi 80,000 kwa mwezi huko Changanyikeni au Msewe. Bei hizi ni za mfano, na msomaji anaweza kuzibadili apendavyo. Chai na kitafunio asubuhi tuseme shilingi 1,500. Mchana wali na maharage shilingi 2,500. Usiku kama hivyo. Jumla ni shilingi 6,500 kwa siku. Zinabaki 3,500, yaani 105,000 kwa mwezi. Toa fungu lake la kodi, 40,000. Toa nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, tuseme 1,200 kwa siku 26, ambayo ni 31,200. Zinabaki shilingi 33,800 za sabuni, maji, umeme, kurudufu vitabu, na vocha ya simu ambayo siku hizi bila yake hata tangazo la mtihani halimfikii. Ni maisha ya kujibana, lakini kijana mwenye nidhamu ataishi.

Sasa tuiangalie hesabu hiyo hiyo fedha zikichelewa siku 30. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hataki kodi ya mwezi mmoja; desturi ni miezi sita kwa mkupuo. Fungu la kijana wetu ni 240,000. Dalali aliyewaonyesha chumba naye hudai kodi ya mwezi mmoja, na nusu yake ni 40,000. Chakula cha siku 30 ni 195,000. Kabla hajaona hata senti ya mkopo amekwisha kutumia shilingi 475,000, bila ya kuhesabu godoro, wala nauli ya boti, wala ndoo. Kama zote ni za kukopa, basi siku ile 600,000 zinapoingia, akilipa madeni hubakiwa na 125,000, na mbele yake zipo siku nyengine 30 ambazo chakula chake peke yake ni 195,000. Amepungukiwa 70,000 na wala hajanunua kipande cha sabuni. Kiwango hakikupunguzwa na mtu yeyote. Kalenda ndiyo iliyokipunguza.

Jengine ni kwamba mtu asiyekuwa na fedha taslimu hununua kwa bei ya juu. Mwenye fedha hununua mchele kwa gunia, akagawana na wenzake. Asiyekuwa nazo hununua robo kilo kila jioni, na kilo yake moja humtoka kwa zaidi. Mwenye fedha hupika. Asiyekuwa na mtungi wa gesi wala sufuria hula kwa mama lishe, kwa daftari. Mazungumzo ya namna hii husikika kila mwaka katika vibanda vya pembezoni mwa vyuo:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na fedha?"

"Naomba uniandikie na leo, mama."

"Ukurasa wako umejaa, mwanangu. Hizo fedha zenu zinatoka lini?"

"Wanasema wiki ijayo, mama."

"Na wiki iliyopita walisema hivyo hivyo."

Mama huyo hatimaye humpakulia. Kwa kweli, kama kuna bodi ya mikopo isiyoandikwa katika sheria yoyote, ni hawa kina mama wa vibandani, ambao mtaji wao wote ni gunia la mkaa na masufuria mawili, na ambao hawamkati mtu asilimia 15.

Tukija kwenye malazi, lipo neno ambalo wanafunzi wa Mlimani wamelizoea na ambalo wazazi wengi hawalijui: kubebana. Maana yake ni kwamba mwenye kitanda halali humkaribisha mwenzake asiyekuwa nacho, wakalala wawili penye nafasi ya mmoja, kinyume cha kanuni za bweni. Mkuu wa bweni akipita, mmoja hujifanya mgeni aliyekuja kuazima kitabu. Ni ukarimu, na ni jambo la kuchekesha mtu akilisimulia baadaye. Lakini mwaka mzima wa kulala hivyo ni mateso kwa wote wawili, na vyoo vilivyojengwa kwa watu mia hutumiwa na mia mbili. Mwaka 2017 yalifunguliwa hapo Mlimani mabweni mapya yenye nafasi 3,840, yaliyopewa jina la Rais Magufuli, na nafuu kubwa ikapatikana. Hata hivyo, vitanda havijatosha kila anayevihitaji, na mara nyingi wa mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele, kisha mwaka wa pili hutakiwa wawapishe wengine. Kwa mtoto wa Mbagala au Kinondoni hilo ni usumbufu, lakini atarudi kwao. Mtoto wa Micheweni hana pa kurudi jioni.

Kwa mtoto wa kike jambo hili lina uzito zaidi, na tuliseme bila kuficha. Katika nyumba nyingi za Visiwani swali la kwanza la baba si kozi gani amechaguliwa binti yake, bali atakaa wapi na atakaa na nani. Jibu likiwa ni dahalia yenye mlango na mlinzi, ruhusa hutoka. Jibu likiwa ni chumba cha kupanga katika mtaa ambao hakuna anayeujua, mazungumzo huwa marefu, na pengine nafasi hupotea. Tena binti aliyekwisha kufika, akakaa mwezi mzima bila fedha, hawi salama na watu waovu wanaojua vizuri kwamba ana njaa. Anayeandika bajeti ya mabweni na asiyaone hayo atakuwa ameandika nusu ya hesabu.

Vijana nao wana wajibu wao. Godoro linunuliwe huko huko. Kulivusha bahari ni kulipia mzigo usio na sababu. Vyakula vikavu vinavyodumu ni akiba ya kweli, na ng'onda wa mama asidharauliwe kwa kuona haya mbele ya wenzake, kwani wiki ya tatu wenzake hao hao watamwomba. Majiko ya koili ndani ya mabweni yamekatazwa, na yamekatazwa kwa sababu ya moto. Wanaotaka kupika ni afadhali wachange watatu au wanne walio nje ya bweni, wapike kwa zamu. Na siku fedha zinapoingia, kodi na chakula vitengwe kwanza kabla ya simu mpya. Twajua kwamba siku hiyo maduka ya viatu karibu na vyuo hujaa kuliko maktaba.

Wanaosoma hapa hapa Unguja wasidhani kwamba haya hayawahusu. Tunguu, ambako vipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar, ni mbali na Mjini kiasi cha kumfanya mwanafunzi wa Pemba achague baina ya kodi ya karibu na nauli ya kila siku. Bahari anayovuka yeye ni moja tu, lakini kodi ya mkupuo na daftari la chakula ni yale yale.

Tunalotaka kwa wakubwa wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali na wa Bodi si kuongezewa kiwango. Fedha zile zile zigawanywe vyengine. Kijana wa mwaka wa kwanza aliyekwisha kuthibitishwa kupata mkopo apewe sehemu ndogo ya awamu ya kwanza, tuseme ya siku 20, kabla ya kupanda boti, kwa ahadi iliyotiwa saini naye na mzazi wake mbele ya sheha wa shehia yao. Asiporipoti chuoni, anajulikana alipo na wazee wake wanajulikana. Hasara ya vijana wachache watakaotoroka na shilingi 200,000 inaweza kuhesabiwa. Ya wale wanaoanza mwaka kwa madeni haihesabiwi popote. Na kwa kuwa vyama vya wanafunzi wa Kizanzibari vimo katika vyuo vingi vya Bara, orodha ya nyumba za kuaminika, pamoja na majina ya wenye nyumba wanaokubali kodi ya miezi mitatu, ingeweza kutayarishwa nao na kubandikwa katika ofisi za elimu za wilaya mwezi wa Septemba. Kazi hiyo haihitaji fungu jipya la fedha. Inahitaji mtu mmoja katika kila wilaya, na majaribio yanaweza kuanzia Pemba, ambako safari ni ndefu zaidi, kabla ya vyuo kufunguliwa tena.